Laptopu Mpya na TV ya Chogo: Waya Peke Yake Hautoshi

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunaacha kidogo habari za mahudhurio na usafi wa madarasa, tuongee jambo ambalo tunaulizwa kila mara kwenye mikutano ya wazazi, na hata njiani tukiwa tunarudi nyumbani: "Mwalimu, laptopu ipo, TV ipo, waya tumenunua. Sasa mbona picha haitoki?"

Swali linaonekana dogo, lakini nyuma yake kuna watoto na kuna pesa. Hapa Nyarugusu darasa moja linaweza kuwa na watoto mia na zaidi. Ukifungua laptopu mbele yao, wa mstari wa kwanza wanaona, wa katikati wanaona visogo vya wenzao, na wa nyuma wanaanza mambo yao. Shule haina maabara. Ukitaka kuonyesha jinsi moyo unavyosukuma damu, video ya dakika tano inaeleza kuliko kuchora ubaoni asubuhi nzima. Basi TV ya inchi 21 iliyokaa bure kwa jirani inakuwa kifaa cha shule.

Na nyumbani ni hivyo hivyo. Ndugu zetu waliokwenda Marekani, Kanada na Australia wanatuma video za harusi, za ubatizo, na za mazishi pia. Bibi ambaye macho yamechoka hawezi kumtambua mjukuu wake kwenye kioo cha simu. Anataka kumwona kwa ukubwa, na ana haki.

Upande wa pesa mnaujua wenyewe. Familia inajibana mpaka kwenye posho ili ipate kununua kifaa. Na kutoka kambini ni kwa kibali. Kitu ukikikosea ukiwa Kasulu mjini, siyo kwamba kesho asubuhi unapanda gari kukirudisha. Ndiyo maana tumeona tuandike haya yote kwa utaratibu, mtu asome kabla ya kutoa senti yake.

LUGHA MBILI TOFAUTI

Wengi wetu tumewahi kukaa kwenye mahojiano, sisi upande huu, ofisa upande ule, na mkalimani katikati. Kama mkalimani hajafika, hata mkikaa karibu mpaka magoti yagusane, hamtaelewana. Kusogeza viti hakusaidii kitu. Anayetakiwa ni mtu anayejua lugha zote mbili.

Laptopu mpya na TV ya chogo wako hivyo. TV ya chogo, ile yenye mgongo mrefu nyuma, ilitengenezwa kupokea picha kama wimbi la umeme linalopanda na kushuka. Hiyo inaitwa analojia. Kwa mtindo wa PAL, ambao ndio Tanzania iliutumia, picha nzima inachorwa kwa mistari 625, na kati ya hiyo ni 576 tu inayobeba picha yenyewe. Picha kamili 25 zinapita kila sekunde, na mwanga, rangi na kila kitu vinasafiri pamoja katika waya mmoja, ule wa njano.

Laptopu ya siku hizi haijui lugha hiyo. Yenyewe inatoa picha kwa tarakimu, yaani sifuri na moja nyingi mno kwa sekunde, kupitia tundu linaloitwa HDMI. Tundu hili lina pini 19 ndani yake, na mtindo huu ulitangazwa mwaka 2002. Zamani kidogo laptopu nyingi zilikuwa na tundu la duara la S-Video, ambalo lilitoa wimbi ambalo TV za zamani zililielewa. Matundu hayo yameondolewa. Kwa hiyo siyo kwamba TV yako imeharibika, na siyo kwamba laptopu ni mbovu. Kila mmoja ni mzima, ila kila mmoja anaongea lugha yake.

Mkishika jambo hili moja, mengine yote katika makala hii yatakuwa rahisi: waya ni njia tu. Unapeleka kilichopo, haubadilishi kitu. Anayebadilisha ni kifaa kingine, ambacho mafundi wanakiita konvata.

WAYA ULIOTAKA KUVUNJA KAMATI

Tuwaambie yaliyotokea katika kijiji kimoja cha hapa kambini, bila kutaja majina. Wazazi wa watoto wa darasa la sita walichanga pesa ili watoto waone masomo ya sayansi kwenye TV kabla ya mtihani. Laptopu shule ilikuwa nayo. TV ilitolewa na mzee mmoja kwa moyo mzuri. Kilichobaki ni kuunganisha. Mjumbe mmoja wa kamati alikuwa anatoka kwa kibali, akapewa pesa zile, akafika dukani, akaeleza shida. Muuzaji akampa waya mzuri kabisa: upande mmoja kichwa cha HDMI, upande wa pili vichwa vitatu, njano, nyeupe na nyekundu. Kwa macho kila kitu kinaingia mahali pake.

Waya ukaletwa, watoto wakakaa chini, TV ikawashwa. Giza. Wakachomoa, wakachomeka, wakapiga TV mgongoni. Giza tu.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mama mmoja akasema kwa sauti: "Pesa yetu imeliwa. Wamenunua kitu cha bei ya chini, ingine wameweka mfukoni." Jioni ile ile habari ilikuwa imefika kisimani. Wiki mbili mkutano wa wazazi haukukaa vizuri. Mjumbe yule, mtu mwaminifu ambaye tunamjua miaka mingi, akasema hataki tena kazi ya kamati. Wengine wakagoma kuchangia hata chaki.

Tulikaa naye pamoja na fundi wa redio wa jirani. Fundi akaushika ule waya, akakata ganda la kichwa kwa kisu, akatuonyesha: ndani hakuna kitu zaidi ya nyaya zilizounganishwa na pini. Hakuna hata chembe moja ya elektroniki. Akasema, "Huyu ni mtu aliyevaa tai ya mkalimani, lakini lugha haijui." Halafu akaleta konvata yake ndogo anayotumia kwa kazi zake, akaiunganisha, na picha ikatoka pale pale mbele ya wazazi sita au saba tuliokuwa tumewaita.

Wazazi wale ndio waliorudi kuwaambia wenzao kwamba pesa haikuliwa. Kamati ilipona. Lakini fikirini: uaminifu wa miaka ulitaka kuvunjika kwa sababu ya waya mmoja usiofaa. Watu wanasema rahisi ni ghali, na safari hii ghali yenyewe haikuwa ya pesa tu.

KWANZA TAZAMA NYUMA YA TV

Kabla ya kununua chochote, geuza TV uangalie ina matundu gani. Utakuta mojawapo ya haya.

La kwanza ni matundu ya rangi, njano, nyeupe na nyekundu. Haya ndiyo AV. Njano ni picha, nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ni sauti ya kulia. Mengine yapo mbele ya TV chini ya kifuniko kidogo. TV ambayo iko na njano na nyeupe tu ni ya sauti ya upande mmoja, haina shida, nyekundu utaiacha ining'inie. Angalia pia maandishi: TV nyingine zina AV IN na AV OUT. Sisi tunataka IN, mahali pa kuingilia.

La pili ni tundu refu lenye vishimo vingi, kama mdomo mpana. Hilo ni SCART, na wale waliosoma Kifaransa wanalijua kwa jina la Péritel. Lilianzia Ufaransa miaka ya 1970, kwa hiyo utalikuta kwenye TV zilizotoka Ulaya zikiwa zimetumika. Lina adapta yake yenye matundu matatu ya rangi. Kama adapta ina swichi ndogo ya IN na OUT, iweke IN.

La tatu ni tundu la antena peke yake. TV ya namna hii ni ya zamani kweli, na tutairudia mbele, maana nayo ina njia yake.

HALAFU TAZAMA UBAVU WA LAPTOPU

Laptopu nyingi zina tundu la HDMI, bapa, pembe za chini zimekatwa kidogo. Hiyo ni rahisi. Ukikuta tundu la VGA, lenye pini 15 na skrubu mbili pembeni, hiyo ni laptopu ya zamani kidogo. VGA ilianza mwaka 1987 na nayo ni analojia, lakini lahaja yake ni ya vioo vya kompyuta, TV ya chogo ya kawaida haiielewi. Ina konvata yake tofauti, ya kutoka VGA kwenda AV.

Laptopu nyembamba za sasa hazina hata HDMI. Zina tundu dogo la mviringo, USB-C. Hapa muwe makini. Siyo kila USB-C inatoa picha, nyingine ni za kuchaji na kuhamisha mafaili tu. Muulize anayekuuzia au anayekuazima laptopu kama tundu hilo linatoa picha. Kama linatoa, utahitaji adapta ya USB-C kwenda HDMI kwanza, halafu ndiyo konvata ifuate.

KONVATA YENYEWE

Ni kiboksi kidogo, kinaenea kwenye kiganja. Ukienda kununua, au ukimtuma mtu mwenye kibali, mwandikie mambo haya manne kwenye karatasi.

1. Mwelekeo. Juu ya kiboksi kuna maandishi. Tunataka HDMI2AV, yaani kutoka HDMI kwenda AV. Kuna ndugu yake anayefanana naye kama pacha, ameandikwa AV2HDMI. Yule anafanya kazi ya kinyume, anachukua kutoka deki ya zamani anapeleka kwenye TV mpya ya flati. Konvata hairudi nyuma. Ukinunua pacha asiye wake, umepoteza.

2. Umeme. Mkalimani naye anakula. Konvata ya kweli ina katundu ka kuingizia umeme wa volti 5, na inakuja na waya mfupi wa USB. Waya huo unachomekwa kwenye laptopu yenyewe au kwenye chaja ya simu. Kifaa cha HDMI kwenda AV ambacho hakina mahali popote pa kuingizia umeme ukitilie shaka.

3. Swichi ya PAL na NTSC. Kwa TV zetu iweke PAL. Hapa wenzetu waliovuka na TV zao kutoka ng'ambo ya ziwa wajue jambo moja: Kongo na Burundi zilitumia mtindo mwingine, SECAM. TV nyingi zilizouzwa baadaye zinaelewa mitindo yote. Lakini TV ya zamani sana ya SECAM peke yake, ukiipa PAL, itaonyesha picha nyeusi na nyeupe. Msishangae, na msimlaumu fundi.

4. Nyaya mbili. Unahitaji waya wa HDMI wa kawaida kutoka laptopu mpaka kwenye konvata, na waya wa rangi tatu kutoka konvata mpaka kwenye TV. Huu wa pili huenda unao tayari. Tangu Tanzania ilipoanza kuzima matangazo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, kuanzia Dar es Salaam, watu walilazimika kununua ving'amuzi, na ving'amuzi vingi vilikuja na waya wa rangi tatu. Angalia tu kwamba una vichwa vitatu pande zote mbili. Kuna waya wa king'amuzi ambao upande mmoja ni kichwa kimoja chembamba kama cha spika za masikioni, huo hautaingia kwenye konvata.

HATUA KWA HATUA

Sasa tuunganishe. Zima TV na uzime laptopu kabla ya kugusa matundu.

Kwanza, chomeka waya wa rangi tatu: njano kwa njano, nyeupe kwa nyeupe, nyekundu kwa nyekundu. Pili, chomeka HDMI kwenye laptopu na kwenye konvata. Tatu, ipe konvata umeme kwa waya wake wa USB. Nne, washa TV, bonyeza AV kwenye rimoti. Rimoti nyingine imeandikwa TV/AV au VIDEO. Kama rimoti ilishapotea, na kwa wengi wetu ilishapotea, bonyeza kwenye TV yenyewe kurudi nyuma kutoka chaneli ya kwanza: kwenye TV nyingi utaikuta AV pale karibu na sifuri.

Tano, washa laptopu. Kama ni ya Windows, shika kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi P. Itatokea orodha. Chagua "Duplicate", na kwenye laptopu ya Kifaransa ni "Dupliquer", maana yake picha ile ile pande zote mbili. Hapo picha inatakiwa kutokea.

Kama haikutokea, msiingiwe na hasira, fuateni kimoja kimoja. Giza kabisa: angalia taa ya konvata, kama haiwaki basi haijapata umeme, hamisha USB kwenye tundu lingine. Picha inaviringika au haina rangi: geuza swichi ya PAL na NTSC. Picha ipo, sauti inatoka kwenye laptopu: bonyeza alama ya spika pale chini kulia, uchague sauti itoke HDMI. Sauti ipo, picha hakuna: huenda njano imeingia kwenye nyeupe. Na kama kila kitu kiko sawa isipokuwa filamu moja tu inakataa, filamu nyingine zina kufuli la kuzuia kunakiliwa, na konvata inakwama hapo. Video za masomo na za familia hazina shida hiyo.

TV YA TUNDU LA ANTENA TU

Kwa wenye TV ya tundu moja, msiitupe. Tafuteni deki ya zamani ya kanda za VHS, hata kama haichezi kanda tena. Deki hizo nyingi zina AV ya kuingilia, na zina tundu la antena la kutokea kwenda kwenye TV. Konvata inaingia kwenye deki, deki inaingia kwenye TV kwa waya wa antena, halafu unatafuta chaneli kama zamani mpaka picha itokee. Deki ya DVD haifai kwa kazi hii, kwa sababu AV yake kwa kawaida ni ya kutoa tu, haipokei. Ukikosa deki, kuna kifaa kinaitwa modyuleta kinachofanya kazi ile ile.

JE, UNAHITAJI LAPTOPU KWELI?

Hili tunawaambia kwa kuwa pesa ni yenu. Kama shida yako ni kuona video za harusi tu, deki ya DVD yenye tundu la USB inaweza kukutosha. Unaweka video kwenye flashi, unachomeka, deki inapeleka kwenye TV kwa rangi tatu moja kwa moja, bila konvata. Kasoro yake ni kwamba deki nyingi hazisomi video za simu za siku hizi mpaka zibadilishwe muundo kwanza kwenye kompyuta. Jaribu flashi yako kwenye deki kabla ya kuilipia.

MAANDISHI YAWE MAKUBWA

Hili ni kwa walimu wenzetu. Laptopu nyingi zinachora picha yenye nukta 1920 kwa 1080. TV ya chogo ina mistari 576 tu. Konvata inabana ile kubwa iingie kwenye ndogo, kama kubana gunia la nguo kwenye begi. Video itaonekana vizuri, lakini maandishi madogo yatakuwa kama mchanga. Wenye kutegemea kusoma ukurasa mzima wa kitabu kwenye TV ya chogo watavunjika moyo.

Kwa hiyo punguzeni ukubwa wa picha kwenye laptopu mpaka 1024 kwa 768 au 800 kwa 600. Andikeni kwa herufi za ukubwa wa 32 na zaidi, mistari mitano au sita kwa ukurasa, herufi nyeupe juu ya bluu iliyoiva. Msiweke neno muhimu pembeni kabisa, maana TV za chogo zinakata kingo za picha. Na kabla ya watoto kuingia, mwalimu akakae mwenyewe mahali pa mtoto wa mwisho, aone kama anasoma.

UMEME WA SOLA UNATOSHA?

Tufanye hesabu pamoja. TV ya chogo ya inchi 21 inakula kama wati 80. Laptopu kama wati 40. Konvata ni kidogo sana. Jumla wati 120, na ukiongeza kinachopotea kwenye inveta, tuseme 140. Betri ya volti 12 na Ah 100 inabeba wati-saa 1200, lakini betri ya asidi ukitaka iishi usiinywe zaidi ya nusu. Inabaki 600. Gawanya 600 kwa 140, unapata saa nne na kidogo. Kipindi cha dakika 45 kinakula kama 105. Basi betri moja nzima, iliyojaa, inatosha vipindi vitano, na si zaidi. Ukichaji laptopu mchana jua likiwa kali, unaongeza.

Inveta iwe na nafasi. TV ya chogo inapowashwa inavuta umeme mwingi kwa muda mfupi, kwa hiyo inveta ya wati 150 inaweza kuzima pale pale. Ya wati 300 inapumua.

USALAMA WA WATOTO

Mwisho, na hili msiliruke. Msifungue TV ya chogo kama wewe siyo fundi wa kazi hiyo. Ndani ya kile kioo kuna umeme unaofika volti 20,000 na zaidi, na unaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Mtoto asiingize msumari wala kijiti kwenye matundu ya mgongoni.

Pia TV hizi ni nzito, na uzito wake uko mbele upande wa kioo. Ukiiweka juu ya kabati au meza inayoyumba, mtoto akivuta waya, inamwangukia. Iwekeni chini kwenye meza imara, mgongo uelekee ukutani lakini hewa ipite. Nyaya zipitishwe pembeni, siyo katikati ya miguu. Na wakati wa mvua, kama paa linavuja, zimeni na mfunike, msubiri ikauke kabla ya kuwasha.

KABLA YA KUCHANGISHA

Ndugu wazazi, ya kale ni dhahabu kama mtu anajua kuitumia. TV ambayo duniani kwingine wameitupa, hapa inaweza kufundisha watoto mia kwa siku moja. Lakini tunaomba utaratibu. Kabla kamati haijachangisha, fundi mmoja na mwalimu mmoja waende waangalie matundu ya TV na ya laptopu, waandike kwenye karatasi majina ya vifaa vinavyotakiwa, na karatasi hiyo isomwe mbele ya wazazi wote. Anayetumwa abebe nakala, muuzaji aionyeshwe, na risiti irudi kwenye mkutano. Kama dukani kuna TV, aombe kujaribu pale pale kabla ya kulipa. Hivyo hata kifaa kikikosekana, hakuna atakayesema pesa imeliwa.

Na wewe mwenye konvata nyumbani, ukiiazimisha shule kwa siku moja kwa wiki hutapungukiwa kitu. Wenye swali waje shuleni mchana baada ya vipindi, walete namba na picha ya mgongo wa TV kama simu inaweza kupiga, tutatazama pamoja. Kuuliza si ujinga.



Walimu wa kujitolea